Ukiingia Mgahawa wa Kithai Dar au Nairobi, Agiza Kinachoota Pwani

Menyu ya mgahawa wa Kithai huwa ndefu: vyakula 70 au 80, picha za kung'aa, pilipili nyekundu zimechorwa pembeni kuonyesha ukali, na majina ambayo hata mhudumu huona afadhali ayataje kwa namba. Mgeni akizidiwa hukimbilia wali wa kukaanga na kuku, kisha anatoka akisema Kithai ni Kichina kilichozidi sukari.

Menyu hizi kufanana dunia nzima si bahati. Mwaka 2002 serikali ya Thailand ilianzisha mpango wa kueneza migahawa ya nchi hiyo ng'ambo, na wizara yake ya biashara hutoa nembo ya Thai SELECT kwa migahawa ya nje inayokidhi vigezo vyake. Ukiiona nembo hiyo mlangoni, vizuri, lakini haikwambii kama leo jikoni kuna majani mabichi ya krapow, aina ya mrehani wa Kithai. Hilo utalijua kwa kuuliza.

Na jambo la kuuliza kabla ya mengine yote ni viungo, kwa sababu huku kwetu viungo vya jiko la Kithai viko mafungu mawili. Fungu la kwanza liko sokoni kila siku: nazi, ndimu, ukwaju, mchaichai, papai bichi, kitunguu saumu, giligilani, karanga, pilipili kichaa, kamba, ngisi, kaa. Fungu la pili huletwa kutoka mbali au hulimwa na watu wachache: majani ya makrut, ambayo ni jamii ya ndimu na kila jani huonekana kama majani mawili yaliyounganishwa, mzizi wa galangali, ndugu yake tangawizi mwenye nyama nyeupe ngumu na harufu ya msonobari, na krapow yenyewe. Chakula kinachosimama juu ya fungu la kwanza hutoka kizuri hata mpishi akiwa wa kawaida. Kinachotegemea fungu la pili kinaweza kuwa kizuri ajabu, au kikabaki jina tu.

Anza na kinu

Som tam, saladi ya papai bichi, ndiyo ya kupimia jiko. Hakuna moto, hakuna mchuzi wa kufichia makosa. Mpishi anaanza kwa kuponda kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu, anatia sukari ya mnazi, kunde changa za maganda marefu zilizokatwakatwa, kamba wadogo wakavu, nyanya, maji ya ndimu na sosi ya samaki. Papai linaingia mwisho, na hapo hapondi tena kwa nguvu: mchi unagonga kwa upole huku kijiko mkono wa pili kikigeuza, ili nyuzi za papai zichubuke na kunywa maji bila kusagika. Karanga za kukaanga zinafuata.

Inavyoharibika ni rahisi kuona. Papai likiwa limeanza kuwa la rangi ya chungwa, saladi inakuwa tamu na laini; linatakiwa liwe jeupe, gumu, linalolia mdomoni. Likikwanguliwa asubuhi na kuwekwa friji, linalegea. Likikaa dakika 15 baada ya kuchanganywa, maji yanajaa chini ya sahani na ladha yote inazama huko. Kwa hiyo liagize lije kwanza, ulile kwanza. Ukisikia mchi unagonga jikoni baada ya kuagiza, umefika mahali pazuri.

Neno moja la kuangalia kwenye menyu: som tam ya Kithai ni hii ya karanga na kamba wakavu. Ile ya kaskazini mashariki, Isan, na ya Laos, hutiwa pla ra, samaki aliyechachushwa mpaka akageuka mchuzi mzito wa kahawia, na mara nyingi kaa mdogo wa chumvi. Harufu yake ni nzito kuliko ng'onda yoyote. Wanaoipenda wanaipenda kweli. Usiiagize bila kujua.

Tui lililokatika

Hapa ndipo mla wa pwani anapokosea mara nyingi, na anakosea kwa sababu anajua mapishi. Kwetu mtu hufundishwa kukoroga tui mfululizo mpaka lichemke, maana likikatika mchuzi umeharibika. Mpishi wa Kithai analikata makusudi. Anachukua tui la kwanza, kasimile, nusu kikombe hivi, analiacha lichemke kwenye karai kwa moto wa wastani mpaka maji yapungue na mafuta yajitenge yakianza kulialia pembeni. Ndipo anatia viungo vilivyopondwa na kuvikaanga kwenye mafuta hayo ya nazi mpaka harufu ipande. Nyama inafuata, na tui la pili, lile jepesi, linaingia baadaye kufanya mchuzi.

Kwa hiyo bakuli la mchuzi wa kijani au mwekundu likija na matone ya mafuta ya rangi juu, usilirudishe jikoni. Hiyo ni dalili kwamba viungo vimekaangwa badala ya kuchemshwa. La kutilia shaka ni lile lililo laini kama uji, rangi moja kutoka juu hadi chini, lenye ladha ya viungo vibichi nyuma ya ulimi. Tui la boksi huchangia hilo: mengi hutiwa viungo vya kulizuia lisitengane, na halikatiki hata ulichemshe mpaka jioni. Mpishi mjuzi anayelitumia huongeza kijiko cha mafuta ya kula ili apate cha kukaangia.

Kuhusu rangi. Mchuzi mwekundu unatokana na pilipili nyekundu zilizokaushwa, zikalowekwa, zikapondwa. Wa kijani ni wa pilipili mbichi, na wengi hudhani kijani ni upole. Mara nyingi huo ndio mkali zaidi. Jina lake la Kithai, kaeng khiao wan, lina neno la utamu ndani yake, lakini linaeleza rangi, kijani cha maziwa, wala si kwamba mchuzi una sukari. Ndani utakuta bilinganya ndogo za mviringo ambazo kwa umbo utadhani nyanya chungu. Na kuna jikoni ambazo huweka nyanya chungu kweli, na uchungu wake unaua utamu wa tui. Panang ni mzito, mchuzi kidogo, karanga zimesagwa ndani.

Massaman ni habari nyingine. Huu ni mchuzi wa Waislamu. Jina lenyewe linaaminika kutokana na neno la kale la kumaanisha Mwislamu. Una mdalasini, iliki, karafuu, kungumanga na bizari nyembamba, pamoja na viazi, karanga, ukwaju na nyama iliyopikwa polepole mpaka inaachia. Aliyezoea pilau na mchuzi wa Unguja atajiona nyumbani. Ukali wake ni mdogo, watoto wanaula, na hautegemei jani lolote la kuletwa kwa ndege. Katika mgahawa usioujua bado, massaman ya ng'ombe ni chaguo ambalo si rahisi kukuangusha, ila nyama ikiwa ngumu, ujue imeingizwa kwenye mchuzi dakika za mwisho.

Vile vinavyotegemea mzigo ulioingia

Pad krapow ni nyama ya kusaga au kukatwakatwa, ikakaangwa kwa moto mkali sana na kitunguu saumu, pilipili, sosi ya samaki na ya soya, kisha majani ya krapow yanatupwa ndani sekunde chache kabla ya kuepua. Inaliwa juu ya wali, na yai la kukaanga lenye kingo zilizokauka kahawia. Majani hayo yananukia karafuu, na si mfano wa maneno tu: eujenoli inayoipa karafuu harufu yake imo pia katika krapow. Mgahawa ukiishiwa, hutia mrehani wa kawaida wa Kithai, horapha, na sahani inanukia shamari. Hapo umepata chakula kitamu lakini si pad krapow. Kibaya zaidi ni wanaojaza pilipili hoho, vitunguu vikubwa na mahindi machanga. Mboga hizo hutoa maji, karai linapoa, na kilichotakiwa kuwa kikavu kinageuka mchuzi. Swali la kumuuliza mhudumu ni fupi: "Dada, krapow mbichi ipo leo?" Akienda kuuliza jikoni badala ya kujibu ndiyo papo hapo, mwamini.

Tom yum, supu ya ndimu na mchaichai, nayo inahitaji makrut na galangali, ingawa hivyo viwili vikiwa vizuri huibeba kwa kiasi. Tom yum ya kamba iliingizwa na UNESCO mwaka 2024 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na tangu hapo hata migahawa isiyo ya Kithai imeianika kwenye menyu. Kuna aina mbili: ya maji meupe, na ile nzito inayotiwa maziwa ya kopo yasiyo na sukari. Kosa la kawaida ni ndimu kuchemshwa. Maji ya ndimu hutiwa sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Yakichemka harufu inapotea na supu inabaki na uchungu. Kosa la pili ni tangawizi badala ya galangali: supu inaanza kuwa ya kuunguza koo, inakaribia chai ya mafua. Kwa tom kha, supu ya tui, kosa hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu kha maana yake ndiyo galangali.

Vipande vya mchaichai, galangali na majani ya makrut vilivyomo kwenye bakuli haviliwi. Viweke pembeni mwa sahani kama unavyoweka kijiti cha mdalasini kwenye pilau.

Pad thai, tambi za kukaanga, kila mtu anaijua, basi kwa ufupi. Chakula hiki kilienezwa kwa nguvu na serikali ya Phibunsongkhram, waziri mkuu aliyeingia madarakani mwaka 1938, wakati nchi ilipokuwa ikijenga utambulisho mpya na kuacha jina la Siam mwaka 1939. Sosi yake ni ukwaju, sosi ya samaki na sukari ya mnazi, takriban sehemu sawa. Tambi za mchele hulowekwa kwenye maji ya kawaida mpaka zipindike bila kuvunjika, kama nusu saa hadi saa moja, kisha zinaivia kwenye karai. Zikichemshwa kabla, zinashikana bonge. Zikija nyekundu kama zimepakwa tomato, basi ni tomato kweli, na ukwaju haujaguswa. Na meza ya watu 6 wote wakiagiza pad thai saa 2 usiku, mpishi atazirundika kwenye karai moja. Tambi zitapikwa na mvuke wake zenyewe badala ya moto. Gawaneni: sahani mbili zinatosha.

Pilipili: nini kinapunguzika na nini hakipunguziki

Pilipili kali ya Kithai ni phrik khi nu, maana yake mavi ya panya, kwa udogo na umbo. Iko karibu na pilipili kichaa yetu, chini ya pilipili mbuzi. Zote asili yao ni Amerika, kama papai na karanga, na Wareno walewale waliopita Mombasa ndio wanaotajwa kuzifikisha Siam katika karne ya 16. Ni vigumu kuwaza nchi hiyo ilikula nini kabla yao.

Ukisema tu "isiwe kali", jikoni wanakisia. Sema idadi. Som tam huagizwa kwa hesabu ya pilipili: moja kwa asiyezoea, mbili kwa aliyezoea, tatu kwenda juu ni kwa hiari yako. Zikishapondwa haziondoki. Vya kukaanga kwenye karai vinaweza kupikwa bila pilipili kabisa, kwa sababu inatiwa wakati uleule. Michuzi ya nazi haipunguziki: ukali umo ndani ya viungo vilivyopondwa mapema, na anachoweza mpishi ni kuongeza tui, ambalo linapunguza na ladha nyingine pia. Anayeogopa pilipili asiagize mchuzi wa kijani kwa ombi la kupooza, aagize massaman.

Kuongeza ni rahisi zaidi. Omba phrik nam pla, kibakuli cha sosi ya samaki yenye pilipili zilizokatwa na ndimu. Kwenye tambi utaletewa vibakuli vinne: sukari, pilipili kavu ya kusaga, siki yenye pilipili, na sosi ya samaki. Sukari ni kwa ajili ya tambi pia, usishangae. Onja kwanza, kisha tia kidogo kidogo.

Mdomo ukiwaka, maji hayasaidii. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali, haiyeyuki kwenye maji, inaenea tu. Maziwa au vijiko viwili vya wali na tui hutuliza. Chai ya barafu ya Kithai, ile ya rangi ya chungwa, ina maziwa mazito ya kopo na inafanya kazi vizuri, ingawa rangi hiyo hutokana na rangi ya chakula iliyochanganywa na majani.

Mezani

Kuagiza sahani moja kwa kila mtu ni sawa mchana, kwa vyakula vya sahani moja kama pad krapow, pad thai au wali wa kukaanga. Jioni, mkiwa 4, agizeni vyakula 4 vya katikati: kimoja cha kinu au saladi, supu moja, mchuzi mmoja wa nazi, kimoja cha karai, na wali kwa kila mtu. Michuzi miwili ya nazi pamoja inachosha ulimi. Mkiwa 2, vitatu vinatosha.

Wali unatangulia kwenye sahani yako. Unachota vijiko viwili vya chakula kimoja, unakula, kisha unahamia kingine; kumwaga bakuli zima la mchuzi juu ya wali kunachanganya ladha ambazo mpishi alizitenga. Kijiko kinashikwa mkono wa kulia na ndicho kinachoingia mdomoni, uma wa kushoto unasukuma tu. Kisu hakipo kwa sababu kila kitu kimeshakatwa. Vijiti ni vya tambi za supu. Ukiviomba kwa ajili ya wali utaletewa kwa heshima tu. Wali wa kunata wa Isan, unaokuja kwenye kikapu kidogo, unaliwa kwa mkono, tonge dogo linalofinyangwa na kuchovywa. Hapo hakuna Mswahili wa kufundishwa. Funika kikapu kila unapochota, maana wali huo ukipata upepo unakauka.

Kwa asiyekula nguruwe, maneno machache yanasaidia kusoma menyu: mu au moo ni nguruwe, kai kuku, nuea ng'ombe, pla samaki, kung kamba, pet bata. Phet, inayofanana na pet, ni ukali. Lakini jina la nyama halimalizi swali. Uliza kama karai linalokaangia nguruwe ndilo hilohilo la kuku, kama kuna mafuta ya nguruwe, na kama kuna mvinyo wa kupikia kwenye sosi. Bidhaa za kopo na chupa kutoka Thailand zenye nembo ya halali hupewa nembo hiyo na Baraza Kuu la Kiislamu la nchi hiyo, na mgahawa wenye nia njema hauoni tabu kukuonyesha chupa.

Kwa asiyekula nyama kabisa, na zaidi kwa mwenye mzio wa kamba, mtego uko kwenye kapi: uduvi uliotiwa chumvi, ukachachushwa na kusagwa. Umo ndani ya viungo vya michuzi mingi. Mhudumu atakwambia mchuzi wa kijani wa mboga hauna kamba, naye hasemi uongo kwa anavyojua, lakini kapi imo. Usiulize "kuna kamba?" Uliza: "Viungo vya mchuzi mnaponda wenyewe au vya kopo? Vina kapi?" Sosi ya samaki nayo imo karibu katika kila kitu, omba ibadilishwe kwa sosi ya soya. Mwenye mzio wa karanga aepuke massaman, panang, pad thai na som tam, na bado aseme, maana kijiko ni kimoja jikoni.

Kitamu cha mwisho ni wali wa kunata na embe. Mchele hulowekwa saa kadhaa, hupikwa kwa mvuke bila kuzama majini, kisha ungali wa moto humwagiwa tui lenye sukari na chumvi, ukafunikwa unywe. Juu hutiwa kasimile nyingine yenye chumvi, na choroko za kukaanga. Ukija na kiini kigumu katikati, umelala friji. Embe liwe bivu lisilo na nyuzi. La ngowe au boribo linafaa, na msimu wake pwani ni Novemba hadi Machi hivi. Nje ya msimu, acha, agiza kluai buat chi: ndizi mbivu zilizopikwa kwenye tui na sukari na chumvi kidogo. Jina lake ni ndizi zilizoingia utawa, kwa weupe wa tui unaofanana na mavazi ya watawa wa kike wa Kibudha. Mtu wa Tanga au Lamu ataitambua kwa kijiko cha kwanza, kisha atatafuta iliki asiione.